Kupanda mkadi wa manukato uani: kuanzia chipukizi hadi ua

Anayetaka mkadi kwa ajili ya ua lake ana jambo moja la kuamua kabla hajashika jembe: chipukizi atalitoa kwenye mti gani. Shimo, samadi na maji vyote vinarekebishika. Hili halirekebishiki. Mkadi una mti dume na mti jike, kila mmoja peke yake, kama ilivyo kwa mpapai. Lile ua jeupe lenye harufu, ambalo kina mama hulichana vipande wakalifunga kwenye kikuba, kishada cha kuvaa kifuani, pamoja na asumini, vilua na rehani, ni la mti dume. Jike hutoa tunda la vifundo vifundo linaloshabihi nanasi, kijani kwanza, kisha rangi ya chungwa, na tunda hilo hakuna anayelivaa kifuani.

Huja mama mtu mzima hapa kitaluni akasema: "Mwanangu, huu mkadi niliuziwa mdogo, nimeulea miaka na miaka, leo wanizalia mananasi." Nami humjibu: "Pole mama, huo uache uwe pambo. Wa kikuba tutafute chipukizi." Aliyemuuzia aliotesha mbegu. Mbegu ya mkadi haitoi habari ya jinsia yake mpaka mti uchanue, na hapo umri umeshakwenda. Chipukizi, kinyume chake, ni mti uleule uliolitoa: likitoka kwa dume ni dume, harufu ileile. Basi ukisikia mtu asema ana mche wa mkadi "wa harufu", muulize ameutoa wapi, na ukiweza nenda ukauone mti wenyewe ukiwa na ua.

Kabla ya hatua: ni mkadi upi?

Kwenye vitalu vya kando ya barabara vya pwani ya Mombasa, kuanzia Nyali hadi Mtwapa, utauziwa mimea kadhaa kwa jina moja.

Mkadi wetu wa pwani, Pandanus kirkii, huota wenyewe kwenye mchanga na miamba karibu na bahari, huku kwetu na Tanzania. Upo mwingine, Pandanus rabaiensis, ambao jina lake la kitaalamu limetoka Rabai, hapo juu tu ya Mazeras; huo hupenda penye unyevu, mabondeni na kando ya vijito. Wa tatu ni Pandanus utilis, mgeni kutoka Madagaska, ambao mahoteli wanaupenda kwa umbo lake: majani magumu yanayojipanga kwa mzunguko kuzunguka shina, miiba yake myekundu. Kule Mauritius majani yake yalisukiwa magunia ya sukari. Ni mti mzuri wa kutazama, lakini kama shida yako ni kikuba, usiununue. Njia rahisi ya kuutambua ni kugeuza jani na kuangalia ukingo: miiba ikiwa myekundu wazi, rudisha mche mahali pake umshukuru mwenye kitalu.

Wahindi nao wana wao, Pandanus odorifer. Wilaya ya Ganjam, jimbo la Odisha, watu hukata maua dume ya mti huu alfajiri wakayakamua mafuta mazuri na maji ya kewra, yale yanayotiwa kwenye biriani. Utunzaji wake ni kama wa mkadi wa hapa, kwa hiyo ukiupata wa chipukizi, hatua zote za chini zinakufaa.

Neno moja kuhusu kuchukua miche porini: misitu ya kaya za Mijikenda ina wenyewe na ina miiko yake, na tangu 2008 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Usiingie na panga. Hifadhi ya Shimba Hills vilevile. Mikadi ya dume imejaa kwenye nyua za watu Mji wa Kale, Likoni na Kisauni, na wenye nayo hawana choyo ukiomba kwa adabu. Machipukizi wanayaona kero.

Hatua ya 1: Pima mahali kwa macho ya miaka kumi

Watu hupanda mkadi ukutani kwa sababu ukiwa mchanga ni kichaka cha kimo cha goti. Mtu mzima wa mkadi hujitanua, na majani yake yana miiba pembeni na mgongoni pia, chini ya mshipa wa kati. Weka mita 3 kutoka ukuta, mita 3 kutoka njia ya kupitia, na mbali kabisa na kamba ya kuanikia nguo. Usipande juu ya shimo la choo wala juu ya bomba. Mkadi hauna mzizi mkuu wa kwenda chini, ila mizizi yake ni mingi na hutawanyika.

Jua lauhitajia. Kivulini utaishi, ila utarefuka ukikonda na kuchelewa kuchanua. Upepo wa bahari wenye chumvi hauudhuru, na hapa ndipo mkadi unapofaa kuliko miti mingi ya bustani: kama nyumba yako imeelekea bahari na kila unachopanda upande huo chaungua ncha za majani, uweke hapo hapo, nawe utapata kingio la upepo kwa mimea iliyo nyuma yake.

Kama kiwanja ni kidogo, pipa lililokatwa nusu litauchukua kwa miaka kadhaa, lakini usitarajie maua mapema.

Hatua ya 2: Chagua majira

Mwanzo wa masika ndio wakati wake, mwisho wa Machi na Aprili, mvua za kwanza zikishaloanisha ardhi. Kusi ikianza kuvuma, joto hupungua na unyevu hudumu, na chipukizi hupata miezi ya kutia mizizi bila kuteseka. Ukikosa masika, vuli ya Oktoba na Novemba inakubalika, ila ujue kaskazi itakufuata nyuma: Januari na Februari ni jua kali na upepo mkavu, na maji utayatoa wewe. Kupanda Januari ni kujitafutia kazi.

Hatua ya 3: Kata chipukizi

Tazama chini ya shina la mti dume na kwenye maungio ya matawi. Utaona vishungi vya majani. Vile vidogo vya urefu wa kiganja viache. Tafuta lenye majani ya urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole au zaidi kidogo, na kitako kinene. Ukibahatika, kitako kitakuwa na vinundu vya rangi ya kahawia isiyokoza, ngozi yake imechanika kidogo: hiyo ni mizizi inayochungulia. Chipukizi lenye vinundu hivyo haliwezi kukuangusha kwa urahisi.

Vaa shati la mikono mirefu na glovu ngumu za kazi. Kusanya majani yote juu kwa kuyafunika na kipande cha gunia, uyafunge kwa kamba. Hapo sasa unaweza kusogea bila kuchanwa. Msumeno mdogo ni bora kuliko panga, kwa sababu panga hupasua kitako na maji hukaa kwenye ufa. Kata karibu na shina mama, pasipo kulijeruhi.

Kisha toa majani ya chini, safu mbili tatu, uache kitako tupu cha kama sentimita 10. Majani yaliyobaki yapunguze nusu kwa mkasi au kisu kikali ili chipukizi lisipoteze maji kuliko linavyoweza kunywa. Ule moyo wa katikati, majani machanga yaliyojikunja pamoja, usiuguse. Mkadi hukua kwa mtindo wa mnazi: kila tawi lina kilele kimoja cha kukulia, na kikikatwa tawi hilo haliendelei.

Pakaza jivu la kuni kwenye kidonda, uliweke kivulini siku moja au mbili likauke. Usilitie ndani ya maji.

Hatua ya 4: Lioteshe kwenye ndoo kwanza

Wengine huchomeka ardhini moja kwa moja, na masika ikiwa nzuri hufaulu. Mimi napendelea ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini, kwa sababu naweza kuihamisha jua likizidi na mbuzi wa jirani hawaifikii.

Changanya mchanga sehemu mbili, udongo mwekundu sehemu moja, na samadi ya mbuzi iliyooza sehemu moja. Mchanga wa ufuoni usiutumie bila kuusuuza. Mkadi mkubwa huvumilia chumvi, kidonda kibichi hakivumilii. Samadi nayo ipekue kwa mkono kabla ya kuitumia. Ukikuta mabuu manene meupe yaliyojikunja, yenye kichwa cha kahawia, yatoe uwape kuku. Hayo ni ya mdudu aitwaye chonga, na akikua atakwenda kutoboa minazi ya mtaa mzima.

Zika kile kitako kitupu chote, shindilia, na ulifunge chipukizi kwenye kijiti lisitikisike. Kutikisika kwa upepo hukata mizizi michanga kila inapotoka, na watu hulaumu mbolea. Weka ndoo chini ya banda la makuti au mwembe, pale jua linapopenya kwa madoa madoa. Mwagilia udongo ukianza kukauka juu. Moyo wa chipukizi usiujaze maji, utaoza.

Baada ya wiki 6 hadi 10 utaona jani jipya likipanda kutoka katikati, kijani cheupe, limenyooka. Hapo mizizi ipo. Usilivute kuhakikisha.

Hatua ya 5: Shimo kwenye matumbawe

Kisiwani na sehemu kubwa ya Nyali na Bamburi, ukishapita udongo wa juu unagonga mwamba wa matumbawe. Jembe halifui dafu, chukua mtaimbo. Shimo liwe sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, na ukishindwa kwenda chini, panua. Kwa mkadi upana una faida kuliko kina.

Mimina ndoo moja ya maji shimoni. Yakiwa bado yapo baada ya saa nzima, vunja mwamba wa chini zaidi au inua tuta, kwani mkadi wa pwani hapendi kusimama majini. Udongo wa juu urudishe ukiwa umechanganywa na karai moja la samadi na majani yaliyooza. Matumbawe yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo hufunga madini ya chuma yasifike majanini. Ndiyo maana mikadi mingi ya mjini huwa na majani ya manjano yenye mishipa ya kijani. Dawa yake ni majani yaliyooza kwa wingi, kila mwaka, kabla ya masika. Mbolea ya dukani peke yake haisaidii kitu hapo.

Panda jioni. Pasua ndoo badala ya kung'oa mche ndani yake, ndoo si ghali kuliko mizizi. Funika udongo kwa makumbi ya nazi, upana wa hatua moja kuzunguka, bila kugusa shina. Makumbi yaliyotoka kwenye matope ya bahari, yale ya kusukia kamba, yaloweke kwanza kwa maji baridi na kuyamwaga.

Hatua ya 6: Maji

Miezi sita ya kwanza, lita 10 mara mbili kwa wiki kama mvua hainyeshi. Najua maji ya Mombasa yalivyo: bomba hukauka na mtungi wa mkokoteni ni pesa. Maji ya kuoshea mchele, samaki na mboga yanafaa kabisa. Ya kufulia yenye jiki, hapana. Ya kisima cha chumvi yasubiri mpaka mti uwe na mwaka mzima ardhini, na hata hapo yapishane na ya mvua.

Baada ya mwaka wa pili mkadi hujitegemea, ila kaskazi ikiwa kali mno upe ndoo mbili kwa wiki.

Hatua ya 7: Mizizi ya kujishikizia

Hapa ndipo mikadi mingi ya uani inapoharibiwa na watu wenye nia njema.

Mti ukifikia kimo cha kifua, utaona shinani, juu ya udongo, vitu vinene kama dole gumba vikitoka na kuelekea chini kwa mshazari. Ncha yake imevaa kofia ya ngozi nyembamba za kahawia, tabaka juu ya tabaka, na ukiibonyeza ni laini na ina unyevu. Hiyo ni mizizi. Inashuka kidogo kidogo mpaka iguse ardhi, kisha inazama, inatoa matawi chini na kukaza. Shina la mkadi halinenepi mwaka hadi mwaka kama la mwembe, hivyo kichwa kinavyozidi uzito, ni mizizi hii inayoubeba.

Mfagizi wa ua huiona ni uchafu akaikata. Mwingine humimina saruji kuzunguka mti ili pawe safi, mzizi ukafika ukagonga saruji, ncha ikakauka. Kisha inakuja kusi ya Juni na mti unalala, na mwenye nyumba anasema udongo ni mbaya.

Usiikate hata mmoja. Acha duara la udongo wazi, mita moja na nusu kutoka shina. Mzizi ukiwa umeelekea mahali pabaya, kwenye ukingo wa msingi au njiani, uelekeze ungali laini: ufungie kwa kitambaa kwenye kijiti na uusogeze kidogo kila wiki. Kama huna budi kuacha saruji, weka sufuria kuukuu isiyo na kitako, iliyojaa udongo, pale mzizi unapotaka kutua, na chini yake toboa saruji.

Mti ukianza kuegemea upande mmoja, tazama upande ulikoelekea. Mara nyingi mizizi mipya hutoka huko huko. Jaza udongo na samadi hapo, utie nguzo ya mkoko kwa msimu mmoja.

Hatua ya 8: Usafi wa majani, na mbu

Majani ya chini hukauka yakaning'inia. Yavute kuelekea chini, moja moja, ukiwa na glovu. Yakikataa kutoka, hayajawa tayari. Rundo la majani makavu shinani ni makao ya panya na nge, kwa hiyo usiliache likue.

Jambo linalosahaulika: maungio ya majani hushika maji ya mvua, kikombe kidogo kila jani. Mbu wa homa ya dengi hawahitaji zaidi ya hapo, na mji huu tumeshaona milipuko ya dengi zaidi ya mara moja. Wakati wa mvua, mara moja kwa wiki, pitisha mpira wa maji kwa nguvu kwenye maungio ya chini uyasukume yaliyokaa. Toa majani yaliyoanguka ndani. Kama mkadi wako uko kwenye pipa na chini kuna sahani, ijaze mchanga.

Wadudu si wengi. Ukiona unga mweupe kama pamba kwenye vitako vya majani na sisimizi wakipanda na kushuka, changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, unyunyize jioni, urudie baada ya wiki. Maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini nayo hufaa. Fukuza sisimizi pia, kwani ndio wanaowalinda wadudu hao.

Pandani wa jikoni ni mwingine

Wengi huniuliza kama majani ya mkadi yanatiwa kwenye wali. Hayatiwi. Yanayotiwa ni ya ndugu yake mdogo, Pandanus amaryllifolius, mmea wa Asia ya kusini mashariki, majani laini, miiba hakuna ila michache nchani. Harufu yake inatokana na kemikali ileile inayonukia kwenye mchele wa basmati. Hauna mbegu, husambazwa kwa vichipukizi tu. Huu panda chunguni, kivulini, udongo usikauke, na maji ya chumvi usiuonjeshe hata tone. Kata majani ya nje, uache ya katikati. Jani moja lililofungwa fundo ndani ya tui la wali wa nazi linatosha chungu cha familia, na ulitoe kabla ya kupakua.

Hatua ya 9: Kulikata ua

Chipukizi nono, kwenye jua, linaweza kuchanua mwaka wa 3 hadi wa 5. Moyo wa mti huvimba, kisha hutoka mkono mrefu uliofunikwa na majani meupe yenye umanjano. Siku ya kwanza harufu ni ndogo. Subiri majani hayo yaanze kuachana nchani, na ulikate alfajiri kabla jua halijapanda, kwa kisu kirefu, huku mkono wa pili umeshika gunia. Ukichelewa, chavua humwagika kama unga na harufu hushuka, kwani ua lote huisha kwa siku chache.

Punguza miiba ya kila jani jeupe kwa wembe pande zote mbili na mgongoni, kabla hujampa mtu. Mkadi usiosafishwa kifuani ni adhabu. Yatakayobaki baada ya kikuba yazungushie jani la mgomba, yatakaa mpaka kesho. Yakikauka, yaweke kati ya nguo kwenye kasha au kabati.

Ua hutoka kwenye kilele, na likisha, tawi lile hugawanyika chini yake. Kwa hiyo baada ya ua la kwanza mti wako utakuwa na vichwa viwili au vitatu, na uzito umebadilika. Pima tena ile nafasi ya mita 3. Tawi likielekea dirishani, likate sasa likiwa jepesi, kwa msumeno, kwenye ungio lenyewe, upake jivu. Machipukizi yatakayotoka shinani baada ya hapo ni ya dume unayemjua. Yaache mawili yakue, mengine yatie kwenye ndoo ukisubiri masika.